Kosa la Kubadili Tagi kwa sed

Skripti moja ilipewa kazi ya kubadili jina la elementi moja katika faili la XML la kamusi, ikaimaliza. Walakini uamuzi mmoja uliomo ndani yake ni taksiri ya dhahiri, na madhali wako wanaoutetea kwa hoja ya kuokoa wakati, haina budi upimwe kwa insafu.

Haja ilikuwa kuigeuza tagi ya maana iwe fasili. Mwandishi wa skripti, badala ya kulifungua faili kwa kichanganuzi na kuushughulikia mti wake, aliiagiza sed ibadili herufi za maana popote zitakapoonekana, tena kwa -i, hata faili jipya likaandikwa juu ya lile la zamani. Tagi zote zilibadilika sawasawa, za kufungulia na za kufungia. Lakini sed haitambui tagi wala sentensi, inajua mistari na herufi tu, na kwa hiyo kidahizo «maana» kilitoweka katika herufi M, «kwa maana» ikawa «kwa fasili», na mfano wa matumizi uliosema «alilitia jambo hilo maanani» ukasomeka «alilitia jambo hilo fasilini». Baya kupita yote ni kwamba faili lilibaki na umbo sahihi: kila tagi ina mwenziwe, kichanganuzi hakikulalamika, kwani kilichoharibiwa ni lugha, si muundo. Lau muundo ungevunjika, kazi ingesimama palepale, kwa vile kanuni za XML 1.0 za Februari 1998 haziruhusu kichanganuzi kuendelea kama kawaida na faili lililokosa umbo.

Wako wasemao kwamba ingetosha kuiandika ruwaza pamoja na mabano yake, <maana>. La, haitoshi: ruwaza hiyo inaziruka tagi zenye sifa, mathalani <maana namba="2">, na tagi iliyokatwa mistari miwili ndiyo haionekani kabisa.

Sed yenyewe haina hatia. Lee McMahon aliitunga Bell Labs katika miaka ya 1970 kwa ajili ya mistari ya maandishi, na huko inastahili heshima yake yote. Ila kwa mti wa XML, James Clark, mhariri wa XSLT 1.0 ya Novemba 1999, alikwisha kutuachia njia: kigezo kimoja kinakili kila kitu kama kilivyo, na cha pili kishike match="maana" peke yake, kigeuze jina na kuzichukua sifa zake. Vijana wameibeza XSLT kwa wingi wa maneno yake, nami sitachoka kusema kwamba wingi huo ndio ulinzi. Hata ElementTree ya Python ingefaa, ingawa ninayo nongwa nayo ya siku nyingi, kwa kuwa isipoagizwa vingine huyatupa maoni ya wahariri yaliyomo faili.



Nawasihi wenye kamusi walirudishe faili la asili kutoka katika akiba, wabadili jina kwa XSLT, kisha walinganishe nakala mbili kwa diff kabla ya kupiga chapa; ikionekana tofauti yoyote nje ya tagi, kazi irudiwe.