Sauti Isiyo na Uso: Lugha na Maana katika Filamu za Star Wars

Mpenzi wa sinema akitakiwa ataje filamu anazozienzi, aghalabu hujianika mwenyewe zaidi ya kuzianika filamu hizo. Mimi nikiulizwa hutaja kwanza Mandabi ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1968, kwa kuwa ndiyo iliyonithibitishia kwamba Kiwolofu chaweza kuibeba filamu nzima, kejeli zake na masikitiko yake. Kisha hutaja Seven Samurai ya Akira Kurosawa (1954), halafu Arusi ya Mariamu (1985) ya Tanzania, kwa sababu humo nakisikia Kiswahili kikinong'onwa na wagonjwa na kusemwa na waganga, si kukaririwa jukwaani. Mwishowe, kwa sauti ya chini kidogo, naitaja Star Wars. Hapo ndipo wenzangu wa idara huangua kicheko. Wanauliza, itakuwaje mtu anayempenda Sembène akapoteza saa zake kutazama panga za mwanga na vyombo vinavyopasuka angani?

Swali hilo ni la haki. Walakini katika makala haya sikusudii kuitetea Star Wars wala kuishtaki. Ninalotaka ni kuisikiliza. Yamkini sisi tunaofundisha lugha za Kiafrika tumeitazama sana tukasahau kuitegea sikio, ilhali jambo lake kubwa kwetu limo katika sauti.

Kuhusu muundo wa kisa sitasema mengi. Filamu tatu za kwanza zilitoka mwaka 1977, 1980 na 1983, na George Lucas hakuficha deni lake kwa ngano za kale, kwa maandishi ya Joseph Campbell kuhusu safari ya shujaa, na kwa filamu nyingine ya Kurosawa, The Hidden Fortress (1958), ambamo mambo makubwa ya wakubwa huonwa kwa macho ya wanyonge wawili wasioisha kugombana. Wanyonge hao katika Star Wars wamegeuka roboti wawili. Kisa chenyewe hufunguliwa kwa tangazo kwamba mambo haya yalitukia zamani na mbali, na mtu aliyelelewa kwa paukwa na pakawa hahitaji kuelezwa zaidi. Hayo yamekwisha kusemwa na wahakiki wengi, na mengi yamesemwa vizuri.

Lililosemwa kwa uchache ni kazi ya Ben Burtt, fundi aliyezitengeneza sauti za filamu hizo. Mwaka 1978 Akademia ya sinema ya Marekani ilimpa tuzo maalumu kwa kuziumba sauti za viumbe na roboti. Burtt hakukaa chumbani akabuni lugha kutoka kichwani. Alitembea na kinasa sauti, akakusanya. Mnyama Chewbacca alipewa sauti ya dubu iliyochanganywa na za wanyama wengine. Wale majambazi wa jangwani waitwao Tusken walipewa mlio wa nyumbu. Viumbe wenye kuonekana kuwa na lugha, hata hivyo, walipewa lugha za watu. Lugha ya Greedo na jamaa zake iliigizwa kwa sauti za Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ya Andes. Ile ya Ewok, wale vijibwanyenye wa msituni wenye manyoya, ilichotwa katika Kitibeti na Kikalmiki. Na Wajawa, vijitu vilivyojifunika kofia na kuuza vyuma chakavu, walisemeshwa kwa sauti zilizojengwa juu ya Kizulu, kisha zikaharakishwa kwa mashine hata zikawa kama milio ya ndege.

Hapa pana jambo la kutukera, na sioni haja ya kulipaka rangi. Mfululizo huu ulipigwa picha Tunisia mwaka 1976, na jina la sayari ya Tatooine limetokana na mji wa Tataouine wa nchi hiyo. Afrika basi imo ndani yake kama mchanga, kama nyumba za kuchimbwa ardhini, na kama mvumo wa lugha. Wenye kusema kwa maana, karibu wote, wanasema Kiingereza. Kizulu kikiharakishwa hupoteza viambishi vyake, toni zake na vidokozi vyake, na msikilizaji huachiwa hisia tu kwamba hapa pana watu wasioeleweka. Mzulu mwenyewe akiketi katika ukumbi wa sinema hawezi kudai haki yake, maana lugha yake imesagwa hata haitambuliki.

Lakini katika filamu ya tatu, Return of the Jedi, kinu hicho kilikosea, na kosa lenyewe ndilo lililonifanya niandike. Waasi wanapoishambulia ngome ya pili ya adui, Lando Calrissian anakiendesha chombo kiitwacho Millennium Falcon, na kando yake ameketi rubani msaidizi mwenye mashavu yanayoning'inia na macho meusi makubwa. Jina lake ni Nien Nunb. Mwili ni kinyago. Sauti ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa akisoma Marekani wakati huo. Naye Rotich, ambaye jina lake lamtambulisha kuwa ametoka katika Wakalenjin, anasikika humo akisema Kikuyu. Maneno hayakusagwa. Ni Kikuyu chenye sarufi yake kamili, kinachoeleweka na mtu yeyote wa Nyeri au Kiambu.

Tuitazame hali hiyo kwa makini, maana ni adimu katika fasihi yoyote. Miongoni mwa maneno ya Nien Nunb mna mwito wa kawaida kabisa, wa kuwaita wote walio pale waje hapa. Ni mwito ambao mama angeutoa akiwa mlangoni, au mchungaji akiwa kilimani. Lando kwa upande wake anajibu kwa mshangao, akiuliza adui angewezaje kuivuruga mitambo yao ilhali hajui kama wanakuja. Tafsiri haikuandikwa chini ya picha. Greedo aliandikiwa tafsiri, na Jabba pia. Nien Nunb hakuandikiwa. Maana ya usemi wake, kwa mtazamaji wa London au Chicago, inapatikana katika jibu la Lando peke yake. Mwenye Kiingereza ndiye anayemwambia mwenzake amesema nini.

Kwa hiyo katika onyesho moja mna wasikilizaji wa aina tatu. Wa kwanza hajui lugha yoyote ya Kibantu: yeye anasikia mlio, kisha anapokea maana kutoka kwa Lando, akaridhika. Wa pili ni Mkikuyu, ambaye anasikia mazungumzo mawili yasiyokutana, mmoja akiita watu, mwingine akijibu habari za mitambo, na kinaya hicho hakikuandikwa na mtunzi. Wa tatu ndiye anayenivutia zaidi kama mwanaisimu. Huyu ni Mswahili, au Mkamba, au Mluhya, asiyejua Kikuyu lakini mwenye kuijua ngeli ya mahali. Anaisikia haha, na sikio lake linamwambia hapa, kwa kuwa ha ya Kikuyu na pa ya Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja. Hajaelewa sentensi, ila amekwisha kujua kwamba hiyo ni sentensi. Daraja hilo baina ya mlio na maana, ambalo katika vitabu vyetu hulitaja kwa mukhtasari, humo analikanyaga kwa miguu yake katika muda wa sekunde mbili.

Wako watakaosema kwamba kumpa kiumbe wa ajabu lugha ya Kiafrika ni dharau ile ile ya Wajawa. Nakubali nusu. Ni kweli kwamba Kikuyu kilichaguliwa kwa sababu hadhira iliyolengwa haikukijua, na kisichojulikana ndicho kilichotakiwa. Lakini fani haimtii mtunzi daima. Nien Nunb si mwizi wala kichekesho; ni shujaa mtulivu ambaye, pamoja na Lando, anaingia ndani ya ngome, anaivunja, na kutoka salama. Ushindi wa vita vyote vile umeendeshwa na mtu asemaye Kikuyu, na Wakenya walioiona filamu hiyo hawakuhitaji mhakiki awafasirie furaha yao.

Linganisha na Star Trek, mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 1966. Humo afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, aliitwa Uhura, jina lililotokana na uhuru wetu. Kiswahili kimetajwa humo kwa heshima: ni lugha ya mama ya mwanadamu mwenye cheo, karne kadhaa zijazo. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1966 kiumbe mdanganyifu humjia kwa umbo la mwanamume na kumsemesha Kiswahili, na katika kingine cha 1967, akiwa amepokonywa kumbukumbu na kufundishwa Kiingereza upya, Kiswahili humponyoka kinywani. Hayo ni mema. Hata hivyo mtazamaji akiyahesabu maneno yenyewe atayamaliza upesi. Star Trek inalitaja jina la lugha na kuinyima nafasi ya kusema. Star Wars haiitaji, ila imeikalisha kwenye usukani.

Mfululizo wenyewe, nadhani, ulilijua tatizo hili bila kukusudia. Roboti C-3PO hujigamba kwamba anazimudu namna za mawasiliano zaidi ya milioni sita, na mtarajio wake ni kuwa mkalimani. Katika Return of the Jedi, Ewok wakimdhania kuwa mungu, anaketi kando ya moto usiku na kuwasimulia kisa chote cha filamu zilizotangulia, kwa lugha yao, bila tafsiri yoyote kwetu. Wanafunzi wa fasihi simulizi wangestahili kuonyeshwa sehemu hiyo kabla ya kusoma ukurasa mmoja wa nadharia. Fanani anainua mikono, anaigiza pumzi za Vader, anatoa mlio wa mashine za vita zitembeazo. Hadhira inashtuka, inajikunyata, watoto wanakumbatiana. Sisi tulio ukumbini hatujui neno, na tunaelewa yote, kwa kuwa kisa tunakijua na fanani anaijua kazi yake. Tofauti na Nien Nunb ni kubwa. Kwa C-3PO maana inatujia kwa sababu tumeshiriki. Kwa Nien Nunb inatujia kwa sababu mtu mwingine ametusemea. (Matoleo yaliyotiwa vikorombwezo mwaka 1997 siyapendi, lakini sehemu hii namshukuru Lucas kwa kutoiharibu.)

Nimefika kwa Vader, ambaye ndiye kiini cha mapenzi yangu kwa kisa hiki. Msomaji wa Utendi wa Fumo Liyongo hawezi kumtazama bila kukumbuka. Katika utendi ule mwana anarubuniwa kwa ahadi za mfalme, anaijua siri ya mwili wa babake, na kumdunga kitovuni kwa sindano ya shaba. Katika Star Wars mwana anasukumwa na pande zote mbili amwue babake, na walimu wake wema na mfalme mwovu. Anafika mwisho wa pigo, anautupa upanga wake. Liyongo anakufa amepiga magoti na upinde mkononi, na watu wanaendelea kumhofu wakidhani yu hai. Vader anakufa akiomba avuliwe barakoa, mwanawe amwone uso. Ni utendi ule ule uliosomwa kutoka mwisho.

Lakini tusikilize tena. Sauti ya Vader, ile iliyotutetemesha miaka yote, ni ya James Earl Jones, Mmarekani mweusi aliyefariki mwaka 2024. Mwili ulikuwa wa Mwingereza David Prowse. Mwaka 1977 jina la Jones halikuwekwa katika orodha ya waigizaji, kwa hiari yake mwenyewe. Barakoa inapovuliwa tunakutana na uso wa mzee Mwingereza, Sebastian Shaw, na papo hapo sauti inabadilika ikawa ya Shaw. Sauti ya mtu mweusi imedumu muda wote wa kutisha. Saa ya upatanisho, uso ulipopatikana, sauti hiyo ikaondoka. Sisemi kwamba mtu yeyote alikusudia hivyo. Nasema sikio lililozoea kusikiliza haliwezi kutosikia.

Mwaka 2015 ilipotoka The Force Awakens, Rotich alirudi kuwa sauti ya Nien Nunb, miaka 32 baadaye. Katika filamu hiyo hiyo Mkenya mwingine, Lupita Nyong'o, alimwigiza Maz Kanata, bibi mwenye hekima na miwani mikubwa, na uso wake nao ulifunikwa, safari hii kwa picha za kompyuta. Wakenya wawili, sauti mbili, hakuna uso. Yako pia mabadiliko ya kheri: Tusken wale waliopewa mlio wa nyumbu walipata, katika mfululizo wa The Mandalorian ulioanza mwaka 2019, lugha ya ishara iliyobuniwa na Troy Kotsur, mwigizaji kiziwi, na ghafla wakawa watu wenye madai juu ya ardhi yao.

Hivi karibuni niliwaonyesha wanafunzi wangu shambulio lile la mwisho. Aliyecheka kwanza alikuwa kijana wa kutoka Nyeri, naye alicheka kabla Lando hajafungua kinywa. Wenzake wakamgeukia. Alipowafasiria, msichana mmoja wa Kiluhya akasema naye amesikia neno la mahali, ila alidhani masikio yanamdanganya. Mwingine akauliza, ikiwa huyu anawaita watu, mbona yule anajibu habari za mitambo? Tukairudisha picha nyuma, tukazima taa, tukasikiliza tena.