Kalamu Iliyolipa Deni la Senema

Msomaji mpenzi, kazi ya mchezaji wa senema ni kuazima. Huazima jina la mtu mwingine, nguo zake, hasira zake na machozi yake. Mchezo ukisha, huvirudisha vyote akaenda zake nyumbani. Aliyeigizwa akiwa ni binadamu, hapana neno. Lakini akiwa ni mnyama aliyetolewa mwituni kwa ajili ya mchezo ule, yeye hurudishwa wapi? Hakutia saini mkataba wowote, wala hajui kwamba ulikuwa ni mchezo.

Swali hilo ndilo lililogeuza maisha ya Bibi Virginia McKenna, Mwingereza aliyesifika jukwaani na katika senema, kisha akaishika kalamu na kuwa mtetezi wa wanyama. Huenda jina lake hulijui, lakini senema yake aghlabu unaijua, au wazee wako wanaijua: ni ile ya simba jike Elsa, iitwayo Born Free, iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 1966. Natutazame kazi ya bibi huyu kwa jicho la insafu: lililo jema tulisifu, na lililopungua tuliseme.

Alizaliwa London mwaka 1931. Vita vikuu vya pili vilipopamba moto alipelekwa Afrika ya Kusini akiwa mtoto, kisha akarejea kwao kusomea uigizaji. Umaarufu wake ulipanda katika miaka ya hamsini. Mwaka 1956 alicheza katika A Town Like Alice, kisa cha wanawake waliotekwa na Wajapani huko Malaya, akapata tuzo kubwa ya wachezaji wa Uingereza. Mwaka 1958 akaigiza maisha ya Violette Szabo, mpelelezi aliyekamatwa na Wanazi na kuuawa kambini. Ebu angalia, msomaji: kabla hajakutana na simba hata mmoja, tayari alikuwa amekwisha kuvaa mara mbili nafsi ya mwanamke mfungwa. Mwenye kuyajua hayo hatastaajabu sana kwa yaliyofuata.

Alikuja Kenya pamoja na mumewe, Bill Travers, kuwaigiza Joy na George Adamson, waliomlea Elsa tangu mwaka 1956 kisha wakamfunza kuishi mwituni. Bibi huyu hakuridhika na kucheza mbele ya simba waliofungwa minyororo. Alitembea nao, akawazoea nao wakamzoea, hata siku moja mmoja wao akamrukia akavunjika kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo sababu senema ile ina ukweli ambao nyingine hazina. Ukitaka kuupima ukweli huo, ilinganishe na Hatari!, senema ya Kimarekani ya mwaka 1962 iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika, upande wa Arusha na Ngorongoro. Humo watu huwafukuza wanyama kwa magari, wakawafunga kamba ili wauzwe katika mabustani ya wanyama ya ng'ambo, na yote hayo ni furaha na kicheko. Kati ya senema mbili hizo hakuna miaka mitano, lakini roho zake zimeachana kama mbingu na ardhi.

Hata hivyo, hapo ndipo deni lilipoanza. Senema iliyowahubiria watu wa dunia nzima uhuru wa simba ilipomalizika, wengi katika simba walioicheza walipelekwa kufungiwa katika mabustani. Ni watatu tu, Boy, Girl na Ugas, waliokabidhiwa George Adamson ili awarejeshe mwituni. Jambo hili liliwachoma moyo wale wachezaji wawili. Lakini lililomgeuza kabisa Bibi McKenna halikuwa simba, lilikuwa ndovu mdogo mwenye jina la Kiswahili: Pole Pole.

Ndovu huyu alikamatwa Kenya akiwa mtoto, apelekwe zawadi katika bustani ya wanyama ya London. Kabla ya safari hiyo alichezeshwa katika senema nyingine ya Bibi McKenna na mumewe, An Elephant Called Slowly, ya mwaka 1969. Walipomaliza waliomba wauziwe wao, ili abaki kwao Afrika. Wakajibiwa kwamba wakimnunua huyu, atakamatwa mwingine mahali pake. Basi wakanyamaza, Pole Pole akaenda. Mwaka 1982 walikwenda kumtazama. Miaka mingi ilikuwa imepita, lakini alipozisikia sauti zao aliwakaribia, akaunyoosha mkonga wake kuwafikia. Mwaka uliofuata, katika kumhamisha, alianguka ndani ya sanduku la safari, akaumia, na mwisho akauawa ili asiteseke. Alikuwa bado kijana kwa umri wa ndovu.

Mtu mwingine angalilia, akaandika barua gazetini, yakaishia hapo. Hawa waliondoka na kufanya kazi. Mwaka 1984 waliasisi chama cha kuchunguza hali ya wanyama waliofungiwa, Zoo Check, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Born Free Foundation. Mwaka 1987 Bibi McKenna alishirikiana na wenzake kuhariri Beyond the Bars, kitabu cha hoja juu ya wanyama walio nyuma ya vyuma. Mwaka 1992 akatoa Into the Blue, kisa cha pomboo watatu waliotolewa katika mabirika ya maonyesho Uingereza wakarejeshwa baharini. Na mwaka 2009 akatoa tarehe ya maisha yake, The Life in My Years. Jukwaa hakuliacha ghafla. Mwaka 1979 alikuwa bado akipata tuzo London kwa kuimba na kuigiza katika The King and I. Lakini tangu kufa kwa yule ndovu, kalamu ndiyo iliyotangulia, na uigizaji ukafuata nyuma.

Tumefika penye upungufu. Irudie senema ya Born Free uitazame mwanzo wake. Mwanamke wa kijijini anafua nguo mtoni; simba anamjia, anamwua. Kisha? Kisha hadithi humsahau. Hana jina, hana mume, hana mtoto wa kumlilia. Simba yule anasakwa, vitoto vinabaki mayatima, na tangu hapo machozi yote ya watazamaji ni ya vitoto vya simba. Hata Peter Lukoye aliyemcheza Nuru, na Omar Chambati aliyemcheza Makkede, wamewekwa pembeni kama samani za nyumba ya Mzungu. Si Bibi McKenna aliyeyaandika hayo, lakini jina lake na kazi yake yote ya baadaye vimejengwa juu ya senema hiyo, basi deni hili nalo linamhusu. Na ukweli nje ya senema ulikuwa mkali zaidi: mwaka 1971 yule simba Boy alimwua mtumishi wa George Adamson huko Kora, na George akalazimika kumpiga risasi.

Sasa twende Buger, msomaji, katika wilaya ya Karatu, nchi ya Wairaqw, ambao ni wakulima na wafugaji. Karatu iko kati ya misitu ya Ngorongoro na hifadhi ya Ziwa Manyara. Watalii hupita barabarani wakienda kuona wanyama. Wanyama nao hutoka usiku wakaja kuona mahindi. Shamba la msimu mzima ndovu hulimaliza kwa usiku mmoja. Tanzania imeweka malipo kwa misiba hii: kwa mazao huitwa kifuta jasho, na kwa aliyejeruhiwa au kufiwa huitwa kifuta machozi. Majina mazuri, lakini mwenye njaa anajua kuwa jasho hufutika na tumbo likabaki tupu. Mama wa Buger anayepiga debe usiku kuwafukuza ndovu ni dada yake yule mwanamke wa mtoni. Kumwambia ampende ndovu, bila ya kumwuliza atakula nini, ni mapenzi ya nusu.

Insafu hutaka tuseme pia kwamba chama alichokiasisi bibi huyu kimeanza kulifahamu hilo. Huko Amboseli kimewasaidia wafugaji wa Kimaasai kujenga maboma madhubuti ambayo simba hawezi kuyaingia, ng'ombe akapona, na simba naye akapona na mkuki. Hiyo ndiyo huruma iliyokamilika, yenye macho mawili.

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Mtume (S.A.W.) ametusimulia juu ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa kwa njaa, na juu ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Ajabu ni kwamba mafunzo hayo tunayahifadhi tangu chuoni, kisha punda akashushwa bandarini mzigo wa mawe mgongoni na kidonda chini yake, na kasuku akazeeka barazani katika tundu asiloweza kukunjua mabawa yake. Twamshangaa mchezaji wa senema wa Kizungu, ilhali amelitenda ambalo sisi twalisoma tu.

Basi watoto wakiitazama senema ile nyumbani, usiwafukuze wala usiwaache peke yao. Kaa nao. Waeleze habari za Pole Pole, na kwamba aliyenyamaza mara moja hakunyamaza tena. Kisha waulize: na yule mwanamke aliyekuwa akifua mtoni, nani aliwalea watoto wake? Wakikaa kimya wakafikiri, utakuwa umewafunza kuwahurumia wote wawili. Na kesho asubuhi, anza na tundu lililo barazani kwako.