Wabisha Hodi wa Presha

Mwaka 1973, nchini Marekani, wapimaji wa presha walianza kupita nyumba kwa nyumba katika jamii 14. Hawakusubiri wagonjwa waje. Presha haiumi, na asiyeumwa haendi hospitali. Watu 158,906 walipimwa kwao, wengi wakijiona wazima. Waliokutwa na presha ya juu waliitwa kliniki kupimwa upya, na mwishowe 10,940 wakaingia kwenye HDFP, utafiti wa matibabu ya presha.

Nawapongeza wapimaji hao kwa moyo wote. Majarida huhifadhi majina ya madaktari. Aliyesimama mlangoni pa mtu asiyemjua hatajwi. Na ile ni kazi ya subira na ukweli: kueleza kwamba kushiriki ni hiari, kwamba kura ndiyo inayoamua nani aingie kundi gani la matibabu, kisha kumfuatilia mtu kwa miaka, hata akihama.

Matokeo yalitoka mwaka 1979: vifo miongoni mwa waliotibiwa kwa mpango maalumu wa hatua kwa hatua vilikuwa pungufu kwa 17% kuliko miongoni mwa walioelekezwa kwenye huduma za kawaida.

Kwetu, Kenya na Uganda zilikuwa kati ya nchi sita za Afrika zilizotoa washiriki 728 wa CREOLE, utafiti wa dawa za presha uliochapishwa 2019. Waliowatafuta washiriki hao nao wanastahili heshima ileile.