Kidani na Hirizi: Ushawishi katika Utenzi wa Mwana Kupona

Mwanafunzi akipewa shairi alichambue, mara nyingi huanza kuokota tamathali kama mtoto aokotaye makombe pwani: hii tashibihi, hii istiara, hii takriri. Majina huenda yakawa sahihi, lakini kazi bado haijaanza. Tamathali haikutiwa katika shairi ili ihesabiwe. Ilitiwa ili imvute msikilizaji.

Mfano mwema ni Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ambamo mama mgonjwa amuusia binti yake juu ya dini, adabu na ndoa. Aristotle alitaja njia tatu za kushawishi, na wanazuoni wa Kiislamu, Ibn Rushd mmojawapo, walizifafanua: hadhi ya msemaji, moyo wa msikilizaji, na hoja yenyewe. Zote zimo humu. Hadhi yatokana na ndoa ya mtunzi na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyefariki akiwa radhi naye. Moyo waguswa na maradhi yaliyomshika mama mwaka mzima. Hoja yategemea radhi tano, yaani za Mungu, Mtume, baba, mama na mume.

Kwa wasomaji wengi wa leo hoja hiyo ndiyo dhaifu, hasa pale radhi ya mume inapofanywa ufunguo wa pepo. Ndipo yafaa kuitazama istiara. Mama aahidi kumpa binti hirizi, na kumtungia kidani cha lulu na marijani. Mswahili hutunga ushanga, na hutunga shairi. Kitenzi ni kimoja. Beti ndizo lulu, na kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti ndio uzi. Hivyo amri yageuka pambo, na aitiiye ajiona amevishwa, wala hakulazimishwa.

Asomaye wasia peke yake ataona mwanamke afundishaye utii. Aisomaye istiara ataona pia mwanamke mwenye urithi ambao hakuupewa na mume, nao ni elimu ya utungaji. Mambo hayo mawili yapingana, na mhakiki hana ruhusa ya kuficha mojawapo. Istilahi za fasihi zina faida hiyo: humwonyesha msomaji anavutwa wapi na kwa kamba gani, ili akubali au akatae kwa hiari yake.