Mabawabu wa Ghala la Picha

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii yatufunza kwamba zawadi hupimwa kwa nia ya mtoaji. Lakini mpokeaji naye ana wajibu wake, nao hausemwi sana. Je, yampasa kupokea kila apewacho? Na akitupa alichopewa, yampasa kueleza sababu? Maswali haya nataka kuyatazama katika jambo moja la zama zetu, nalo ni ghala la picha liitwalo Wikimedia Commons, pamoja na uwezo walio nao wasimamizi wake wa kufuta picha zilizoletwa na watu.

Ghala hili lilifunguliwa katika intaneti mwezi wa Septemba, 2004. Halitozi ada yoyote. Kila ajiandikishaye aweza kutia humo picha, sauti, ramani au filamu aliyoitengeneza mwenyewe, kwa sharti kwamba watu wote ulimwenguni wawe huru kuitumia, kuibadilisha, na hata kuiuza. Mwaka 2023 hesabu ya vitu vilivyomo ilipita milioni 100. Picha nyingi zipambazo kurasa za Wikipedia, ile ya Kiswahili ikiwamo, hutoka humo. Watunzaji wake ni watu wa kujitolea wasiolipwa mshahara, na wachache miongoni mwao huchaguliwa na wenzao kwa kura kuwa wasimamizi. Hao ndio mabawabu wa ghala. Wana ufunguo ambao wengine hawana, kwani waweza kufuta.

Kwanza na tuwatendee haki. Tumfikirie kijana anayechukua picha ya mchezaji mpira kutoka gazetini, akaitia ghalani kana kwamba ameipiga yeye. Mwalimu aiona, aamini kuwa ni halali, aiweka katika kitabu chake. Siku moja mwenye picha atokea kudai haki yake, na mwalimu asiye na kosa atiwa matatani. Kwa sababu hii wasimamizi wana kanuni ya tahadhari: penye shaka kubwa juu ya uhuru wa picha, picha hiyo na ifutwe. Hapana shaka kanuni hii ina busara ndani yake. Mali ya mtu haiwi halali kwa kuwa imewekwa mahali pa hadhara.

Tena njia yao si ya kiholela. Wizi ulio wazi hufutwa mara moja. Jambo lenye utata hutangazwa, na kwa kawaida hupewa siku saba za majadiliano kabla ya msimamizi kukata shauri. Aonaye amedhulumiwa aweza kuomba picha irudishwe, kwa maana picha iliyofutwa haiteketezwi. Hufichwa tu machoni pa watu. Liko jengo moja mjini Brussels liitwalo Atomium, lililojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1958. Kwa muda mrefu picha zake zilikuwa zikifutwa, kwa kuwa sheria ya Ubelgiji haikuruhusu majengo yenye hakimiliki kuchapishwa kwa uhuru. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mlango ukafunguliwa, na leo picha za jengo hilo zaonekana. Hapo kufuta kulikuwa ni kungoja.

Sasa tuje upande wa pili. Hatari ya kwanza ni mtu mmoja kuamua peke yake. Mwezi wa Mei, 2010, Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wa Wikipedia, alifuta mwenyewe picha kadhaa alizoziona kuwa za utovu wa adabu. Labda nia yake ilikuwa njema. Lakini miongoni mwazo zilikuwamo kazi za wasanii wa zamani wenye nafasi katika historia ya sanaa. Watu wa kujitolea wakapinga kwa nguvu, baadhi ya picha zikarudishwa, naye mwenyewe akaacha sehemu kubwa ya mamlaka aliyokuwa nayo. Kisa hiki chaonyesha kwamba hata mkono wa mwanzilishi wahitaji kuzuiwa na desturi ya kushauriana.

Hatari ya pili haina kishindo, na kwa hiyo naiona kubwa zaidi. Tumwazie msichana wa Lamu aliyempiga picha nyanya yake akisuka mkeka. Simu ni ya kuazima, basi ampelekea ndugu yake picha hiyo kwa ujumbe, naye aitia ghalani kwa niaba yake. Katika safari hiyo picha imepunguzwa ukubwa, na maelezo yaliyofichwa ndani yake, yaani siku ilipopigwa na kamera iliyotumika, yamepotea. Msimamizi aliye mbali aona picha ndogo isiyo na asili. Dalili hizo ndizo zionekanazo pia katika picha zilizoibwa. Basi ashuku, na picha yatangazwa kufutwa. Majadiliano, kama ilivyo mara nyingi, ni ya Kiingereza chenye maneno ya sheria. Siku saba zapita kabla msichana hajafahamu kwamba ameshtakiwa.

Hapa ndipo lilipo lawama langu. Kanuni ni moja kwa wote, lakini uzito wake si mmoja. Mwenye kamera nzuri na lugha ya mahakama hupita mlangoni kwa urahisi. Asiye navyo huonekana mwizi kwa sababu ya uhaba wa vyombo vyake. Na kinachopotea si picha tu. Yule nyanya aliyekuwa aonekane na ulimwengu hataonekana, na yule msichana hataleta picha ya pili.

Nasema basi: uwezo wa kufuta na ubaki, ila uwe na adabu yake. Aliye na shaka na aulize kabla ya kushtaki. Sababu na ielezwe kwa maneno mepesi, na ikiwezekana kwa lugha ya mtoaji. Tena mshtaki asiwe yeye yule mwamuzi.

Lakini tusiwalaumu mabawabu peke yao, maana mali bila daftari huisha bila habari. Nasi tuna kazi ya kufanya. Mwanafunzi apigaye picha na aihifadhi ile ya asili, aandike mahali na tarehe, aombe idhini ya anayempiga, na azisome kanuni kabla ya kubisha hodi. Zaidi ya hayo, wajuao Kiswahili na waingie katika kazi ya kulitunza ghala hilo, wapige kura, na wengine wasimame wachaguliwe. Mlango ambao hatuna mtu wetu akiulinda, tutaendelea kuungojea nje, tukilalamika kwa lugha asiyoifahamu bawabu.