Padri Kayoya alivyomwandika baba

Mwaka 1968 kiwanda cha uchapaji cha Lavigerie mjini Bujumbura kilitoa kitabu chembamba cha Kifaransa, Sur les traces de mon père (Katika nyayo za baba yangu). Mwandishi wake, padri Mkatoliki wa Burundi Michel Kayoya, alikuwa amezaliwa mwaka 1934. Muuza vitabu angesumbuka kujua akiweke rafu gani, maana nathari inakatika ghafla, inafuata mistari mifupi ya shairi huru, kisha hoja inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mwandishi wa dini ana mtego wake: jibu analo kabla swali halijaulizwa, na msomaji analinusa kuanzia ukurasa wa kwanza. Mwingereza John Bunyan, katika The Pilgrim's Progress ya mwaka 1678, aliukwepa kwa kuzipa fadhila na dhambi majina na kuzitembeza barabarani kama watu. Kayoya alipita kwingine. Alimtanguliza baba. Maadili ya Warundi, ubuntu (utu) na ubupfasoni (heshima na staha), hayaelezwi kwanza kama somo la katekisimu. Yanapewa mtu wa kuyaishi, na kijana msomi anamfuata nyuma akipima yale aliyofundishwa darasani.

Ufundi huo unaonekana waziwazi anapofika kwenye Mkutano wa Berlin wa 1885. Kayoya hapigi kelele. Anayachukua maneno ya wakoloni wenyewe, huruma yao kwa umaskini wa Waafrika, hamu yao ya kuwaelimisha na kuwastaarabisha, anayapanga mstari baada ya mstari kwa sauti ya upole, hadi upole huo unageuka kejeli. Kisha anaongeza kidonda kingine: tarehe hiyo yeye aliikariri shuleni, pamoja na majina ya mabwana waliogawana bara. Hapo mistari mifupi inafanya kazi ambayo aya ndefu isingeiweza, kwa sababu kila mstari unamlazimisha msomaji asimame kidogo na aone aibu.

Na kitabu hicho kilichapwa na kiwanda kilichobeba jina la Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika la wamisionari la White Fathers!

Mwaka 1971 Kayoya alitoa cha pili, Entre deux mondes (Kati ya dunia mbili), kuhusu maendeleo. Tarehe 17 Mei 1972 aliuawa Gitega, katika mauaji yaliyowafagia Wahutu wengi waliosoma. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu cha kwanza, kazi ya Aylward Shorter na Marie-Agnès Baldwin, ilitoka Nairobi mwaka 1973, chini ya East African Publishing House.