Waya wa Betri Haukupaswa Kuguswa

Video ya ile Corolla AE100 inayozima ikipata moto mmeitazama, kwa hiyo sitaisimulia yote. Gari linaondoka vizuri asubuhi, linatembea, injini inashika moto, linakatakata kidogo, linazima. Likipoa linawaka tena kana kwamba hakuna kitu. Injini ni 5A-FE, distribyuta ni ile iliyotoka nayo Japani. Msomaji wa ukurasa huu keshajua pa kutazama: koili ya sensa ya mzunguko, ndani ya distribyuta. Gari lenyewe lilikuwa tayari kumwambia fundi, naye akalifunga mdomo.

Rudini pale boneti inapofunguliwa mara ya kwanza. Sekunde chache kabla injini haijazima, taa ya cheki injini imewaka kwenye dashibodi, na kamera imeinasa vizuri. Fundi anatafuta soketi ya mashine chini ya usukani, haioni, anatamka kwamba gari hili ni la zamani, halisomeki. Kisha anachukua spana namba 10, analegeza kichwa cha hasi cha betri, anauchomoa waya, anasubiri, anaurudisha. Injini imeshapoa, inawaka, taa haipo. Anasema hitilafu ya umeme imeondoka, sasa tuhamie kwenye mafuta.

Hapo ndipo kazi yote ilipoharibika. Kontrol boksi ya gari hili hutunza kumbukumbu ya hitilafu kwa umeme wa betri unaopita kwenye fyuzi ya EFI, hata ukizima swichi. Ukichomoa waya wa betri, kumbukumbu inafutika. Hitilafu haikuondoka kokote, maana koili iliyokatika haiungwi kwa kuchomoa betri. Kilichoondoka ni maelezo yake, na gari la aina hii halirudii maelezo mpaka lizime tena, pengine kwenye mteremko likiwa na watoto ndani. Kufuta kodi za hitilafu ni hatua ya mwisho, baada ya kurekebisha, na kwa hilo inatosha kuchomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi. Yeye aliianza kazi kwa hatua ya mwisho.

Na kusema halisomeki si kweli. Gari hili limetoka kabla ya mwaka 1996, mwaka ambao Marekani ililazimisha soketi ya pini 16 kwenye magari mapya. Lina kisanduku chake cheusi ndani ya boneti, kifuniko kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, unahesabu taa inavyokonyeza. Konyezo moja, kituo, makonyezo mawili: kodi 12, kontrol boksi haikupata ishara ya mzunguko wakati stata inapigwa. Moja, kituo, matatu: kodi 13, ishara ilikatika injini ikiwa inazunguka. Taa ikikonyeza mfululizo bila kituo, hakuna kilichoandikwa. Kipande cha waya hakiuzwi kwa bei ya mashine, na nimeshaandika hapa mara nyingi kwamba mashine imewafanya vijana wetu waache kusoma gari. Nitaendelea kuandika.

Kodi 12 au 13 isingemaliza kazi, hilo nalikubali. Kodi hutaja njia nzima ya ishara: waya, soketi, koili, na nafasi kati ya koili na meno yanayopita mbele yake. Lakini ingemweka kwenye distribyuta akiwa na mita mkononi, badala ya kwenye tangi la mafuta.

Tangini alifikaje? Gari lilipozima mara ya pili alifungua swichi, akasikiliza pampu, akaikuta kimya, akaihukumu. Kwenye EFI hizi, injini ikishawaka rilei ya pampu hushikiliwa na kontrol boksi kwa kufuata ishara ile ile ya mzunguko. Ishara ikikatika, moto wa plagi unakatika, nozeli zinafunga na pampu inasimama, vyote kwa pamoja. Ukimya wa pampu ulikuwa matokeo. Angeunganisha B+ na FP kwenye kisanduku kile kile, angeisikia inaguruma. Badala yake kiti cha nyuma kiling'olewa na mwenye gari akalipia pampu.

Mafundi wa zama za platini wasingefika huko. Wale waliokulia kwenye Peugeot 504 na Datsun, gari likizima walichomoa waya mmoja wa plagi, wakausogeza karibu na chuma cha injini, mwenzao akapiga stata. Cheche ipo, nenda kwenye mafuta. Cheche hakuna, kabureta haiguswi. Kipimo hicho bado kinafaa kwenye 5A-FE, na kwenye video nzima hakijafanyika hata mara moja. Joginder Singh alikuwa fundi kabla hajawa dereva, na Safari Rally ya 1965 aliishinda na ndugu yake Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika kwenye mashindano. Gari lililochakaa halifiki mwisho wa Safari kwa ramli.

Na tukiwa humo humo kwenye boneti: thamostati haipo, tazameni upande wa mpira wa maji. Nani aliyewaambia mafundi wetu kwamba nchi ya joto haihitaji thamostati? Injini inachelewa kufikia joto lake, sensa ya maji inaripoti baridi, kontrol boksi inaongeza mafuta, plagi zinapiga masizi. Halikuwa chanzo cha kuzima, ila ni mkono ule ule wa kung'oa kwanza.

Mwishowe kijana msaidizi wa fundi ndiye aliyeipima koili ya distribyuta ikiwa ya moto, mita ikaonyesha imekatika, ilipopoa ikasoma om zake, kazi safi.

Wakafunga distribyuta ya mtumba na video ikaishia gari likiwa limetulia kwenye silensa. Koili za hiyo nyingine hazikupimwa zikiwa za moto, angalau si mbele ya kamera, na umri wake hauwezi kuwa mbali na wa ile waliyoitoa. Zipimwe. Na pampu ya kwanza, ambayo hakuna aliyeonyesha kwamba ni mbovu, ipimwe kwa B+ na FP. Ikiguruma, mwenye gari arudishiwe pamoja na fedha yake.